Meza ya Wakwe Inazidi Kukonda

Jumatatu, 4 Agosti

Daftari ni la Mercyline, la kidato cha pili. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, nimezichukua. Ukijikuta unasoma hapa na wewe si mimi, weka chini, nenda uoshe vyombo.

Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu Khaemba, fundi wa mabehewa ya reli. Alinipa penseli yake bapa ya useremala nikawa namwandikia majina ya wateja kwenye mbao. Mtu aliyejifunzia kwenye mbao haandiki herufi ndogo. Kurasa zitaisha haraka. Shauri yake.

Sasa habari. Jumamosi hii wakwe wanakuja! Mjukuu wangu Mercyline, niliyemlea tangu ana meno mawili, anataka kuolewa na kijana wa Molo, Kipkorir. Watu wake wanakuja kuzungumza na watakula kwangu, hapa mtaani Free Area, juu ya meza ya Khaemba.

Meza yenyewe bado. Kuna miguu minne aliyoichonga, minene kama mapaja ya mcheza raga. Na kuna mbao tatu za mvule alizozitoa kwao Kimilili, akazisukuma chini ya kitanda chetu, akasema hizi ni za meza ya wakwe wa mjukuu wetu wa kwanza. Unene inchi mbili. Alisema hata ng'ombe akipanda haitatingishika. Miaka kumi na tisa nimelala juu ya mbao hizo kama kuku juu ya mayai.

Asubuhi jirani yangu Truphosa aliingia bila kubisha. Ana meza ya kioo, aliletewa kutoka Nairobi, na mtaa mzima umeshachoka kuisikia. Akasema kwa ile sauti yake ya kutangaza sadaka: Mama Sitati, usijitese na vibao vya marehemu, nitakuazima ya kioo. Nikamwambia kioo ni cha dirisha. Wakwe wangu hawatakula kwenye dirisha. Akacheka, akaondoka na sukari yangu.

Saa kumi nilikuwa karakana ya Tanveer, nyuma ya kituo cha petroli. Mercyline ndiye anaendesha mashine pale. Kitanda kikubwa cha chuma, juu yake kisu kinazunguka kama kichaa, na kompyuta ndiyo inakiambia kipite wapi. Tanveer ametuazima mashine kila siku kuanzia saa kumi mpaka magharibi, kwa sababu Khaemba ndiye alijenga rafu za duka la baba yake na hazijalala hata moja. Mbao zetu tatu zilishagundishwa pamoja wiki jana. Tatizo ni kwamba hazilingani, moja imeinuka, nyingine imezama. Kisu kipite juu kilainishe, basi.

Mercyline akanionyesha kwenye skrini njia ambazo kisu kinaweza kufuata. Nyingi! Akachagua yake: mistari mirefu kufuata nyuzi za mti, kwenda na kurudi, kila mstari ukipanda juu ya nusu ya mwenzake, kushuka milimita moja moja. Halafu tugeuze ubao, tutoe kiasi kile kile upande wa chini.

Nikakataa yote.

Kugeuza, kwanza. Nimemwambia hakuna mgeni anayechungulia chini ya meza. Sababu ya kweli sikumwambia. Chini ya ubao wa katikati kuna mkono wa Khaemba, kwa penseli: MEZA YA WAKWE. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kuyasoma mwenyewe. Nililala kwa tumbo sakafuni, taa ya mafuta pembeni, nikayasoma, nikagonga kichwa kwenye chaga kwa furaha. Kisu hakitapita hapo.

Na ile njia ya kwenda na kurudi ni ya mtu aliyepotelewa na funguo. Mimi nimepaka sakafu mavi ya ng'ombe miaka arobaini. Unaanza pembeni, unazunguka ukutani, unazunguka tena, unaingia ndani ndani. Nikasema kisu kizunguke. Mercyline akasema Kukhu (ndivyo tunavyoita nyanya kwetu), kitaacha alama. Nikamwambia nilikuwa naacha sakafu ikimeta kabla mama yake hajazaliwa.

Kikazunguka. Kimeacha alama. Kila kona kilipogeuka kimeacha mstari, na mistari minne inakutana katikati kama mgongo wa bahasha. Pale katikati kilipomalizia kuna kishimo cha mviringo. Meza ina kitovu.

Hakuna shida. Ilikuwa milimita hamsini, sasa ni arobaini na tano. Mti upo tele.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Kosa la jana halikuwa langu. Lilikuwa la kuzunguka.

Leo nikakubali mistari iliyonyooka. Lakini Mercyline anataka kila mstari ukipanda juu ya nusu ya mwenzake, yaani kazi moja anaifanya mara mbili. Huo ni uoga! Jembe halirudii shimo lililolimwa. Nikamwambia apange mistari bega kwa bega tu, tumalize mapema. Akasema Kukhu, kisu kikiinama hata unywele mmoja, patabaki matuta. Nikamwambia kisu hakina mgongo, kitainama vipi.

Kumbe kinao.

Matuta mwanzo mpaka mwisho. Tanveer akaja na kikombe chake cha chai, akapitisha kidole, akauliza Mama Sitati, tunapanda viazi lini. Nimempa chapati moja tu leo badala ya mbili.

Ili kuua matuta nikasema kisu kikate kimkingamo, kutoka ubavu hadi ubavu. Njia ni fupi, mtu anaiona kwa macho. Mercyline alifungua mdomo, akaufunga. Ni mtoto mwenye adabu, nilimlea vizuri. Kisu kilipofika ukingo wa pili kikang'oa nyuzi kama mtu anayenyonyoa kuku bila maji moto. Mabanzi marefu! Ukingo mzima umechanika.

Mercyline akashusha kisu milimita chache mpaka mpasuko ukaisha. Thelathini na sita. Nimepima kwa penseli ya Khaemba. Bado ni meza ya kiume.

Njiani nikakutana na Truphosa akipangusa kioo chake nje, kwenye jua, barabarani, ili kila mtu akione. Akauliza vibao vinaendeleaje. Nikamwambia vinapendeza mpaka vinaumiza macho. Akasema basi Jumamosi atakuja kuviona mwenyewe. Nikamwambia karibu. Ulimi wangu huu!

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya akili. Nimegundua kitu ambacho Tanveer na kompyuta yake hawajawahi kukiona.

Kisu kinapofika mwisho wa ubao hakigeuki hapo. Kinaendelea kutoka nje, kinakata hewa, halafu kinarudi. Kinakata hewa! Stima inalipwa, hewa inakatwa. Ni sawa na kupiga deki sebule halafu unatoka unapiga deki barabara. Nikaamuru kisu kigeuke kabla ya ukingo. Mercyline akaniuliza kama nina uhakika. Nikamuuliza nani alimfundisha kutembea.

Kisu kikageuka ndani. Katikati pamelainika, kweli. Lakini kandokando kote kimeacha ukuta. Meza imekuwa sinia.

Niliitazama kwa muda. Halafu nikaona faida. Mchuzi hautamwagika! Wakwe wakimwaga supu, supu inabaki mezani. Nikaeleza. Tanveer akasema atatoka nje kidogo akacheke halafu arudi. Mercyline hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake Kipkorir, Mama Jerop, ni mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na kwamba hataki ale kwenye sinia. Akaenda kuchukua chai.

Sauti ndogo ya mtoto yule naijua. Alikuwa nayo siku tulipomzika mama yake. Siwezi kuivumilia. Nikaamua nimtengenezee mwenyewe kabla hajarudi.

Pale kwenye skrini, panapoandikwa kisu kishuke kiasi gani, pameandikwa moja. Moja, moja, tangu Jumatatu. Ndiyo maana hatumalizi! Nambari nazijua. Nikaongeza sifuri. Sifuri yenyewe si kitu. Nikabonyeza kile kitufe cha kijani.

Yesu wangu.

Kisu kililia kama nguruwe wa Krismasi. Kikazama. Kikachimba mtaro ambao ungepitisha maji ya mto Njoro yote. Tanveer akaruka benchi, mtu mnene vile, akapiga kitufe chekundu. Kimya. Vumbi likatulia juu ya vichwa vyetu sote. Mercyline amesimama mlangoni na vikombe vitatu.

Tanveer akasema: Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Toka nje.

Nimetoka kwa heshima zangu. Wamelazimika kushusha meza yote ifikie mtaro. Ishirini na sita. Lakini ukuta umeisha, si ndiyo? Nilichotaka ni ukuta uishe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefukuzwa karakana. Nikakaa nyumbani, nikapika. Chapati ishirini na nane. Mtu akikufungia mlango, unapitisha harufu.

Saa tisa unusu simu. Mercyline. Kukhu, meza imejikunja. Nikauliza imejikunja vipi, ni nguo? Nikabeba chapati, nikaenda, nimefukuzwa au sikufukuzwa.

Kweli. Imepinda mgongo kama paka aliyeona mbwa. Mercyline akanieleza: tumechuna upande mmoja tu siku tatu, upande wa pili haujaguswa. Mti uliochunwa unapumua, mwingine umefungwa, basi unavutana wenyewe kwa wenyewe. Alisema tangu Jumatatu alitaka tugeuze. Ni kweli alisema. Sauti yake ilikuwa juu kidogo, nikaipuuza, ana haki. Sasa ni kugeuza au ni kioo cha Truphosa.

Nikasema hatugeuzi.

Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimesema. Akavua miwani ya kazi, akakaa sakafuni kwenye maranda, akalia. Msichana wa miaka ishirini na sita, anayeamrisha chuma kikate mti, analia kama siku aliyoota meno. Akasema kama sitaki aolewe nimwambie tu.

Basi nikamwambia. Nikamwambia alale chini, awashe taa ya simu, asome. Akatambaa chini ya ubao. Hakutoka upesi. Nilikuwa naona viatu vyake tu. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi, akasema hakujua. Akasema basi tuache, ya kioo inatosha, maandishi ya Kuka (babu yake) yabaki.

Hapo nikakasirika kabisa! Wakwe wa mjukuu wa Khaemba wale kwenye dirisha ili mimi nibaki na penseli? Yule mwanamume hakuandika MEZA YA WAKWE ili kuwe na maandishi. Aliandika ili kuwe na meza. Nikamwambia geuza.

 Tanveer alichora mstari sakafuni kwa chaki, akaniambia mama, simama hapa, usivuke hata kidole. Nikasimama. Njia ilikuwa ile ile ya Mercyline ya Jumatatu: kufuata nyuzi, kwenda na kurudi, mstari ukipanda nusu ya mwenzake, milimita moja, kisu kikitoka nje kukata hewa yake na kurudi.  MEZA ikaondoka kwanza. Halafu YA. Ilipofika WAKWE nilivuka chaki, nikazoa vumbi lile kwa mkono, nikalifunga kwenye pindo la leso.

Likanipigisha chafya mpaka nyumbani.

Sita wametoa chini, sita juu, mpaka imenyooka. Kumi na nne. Nimeuliza mara mbili. Kumi na nne.

Ijumaa, 8 Agosti

Msasa, mafuta, msasa, mafuta. Mungu anajua kuumba! Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na nyuzi zinakimbia kutoka kichwa hadi miguu bila alama, bila tuta, bila kitovu. Unaweka kiganja, kinateleza chenyewe. Nimempa Tanveer chapati zote zilizobaki. Akasema mama, ukitaka kazi usije. Tumeelewana vizuri.

Jumatatu ubao ule uliingizwa karakana na wanaume wanne, wakilalamika viuno. Leo nimeutoa mwenyewe, kichwani, mkono mmoja, mwingine nikisalimia watu. Truphosa alikuwa langoni. Akasema: Haiya, Mama Sitati, umenunua kibao cha chapati? Nikamwambia ndiyo, na unga ni wewe.

Mercyline ameufunga kwenye miguu ya Khaemba. Miguu minene, uso mwembamba. Inafanana na ndovu aliyebebeshwa karatasi. Nimempeleka Mercyline dukani kwa chumvi. Nikatambaa chini na ile penseli bapa, nikaandika mahali pale pale: MEZA YA WAKWE. Mkono wangu ni mzuri kuliko wake. W yake ilikuwa inaanguka.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja saa sita, watu kumi na mmoja, na Mama Jerop mbele. Mrefu, shingo kama twiga, maneno machache kama nilivyoambiwa. Macho yake yakapita dari, sakafu, mimi.

Nikafungua mlango wa sebule kuwaonyesha meza. Mbele yangu kumbe Truphosa ameshaingia kwa mlango wa jikoni. Ameshona kitambaa wiki sita! Cha uzi mweupe, maua kila inchi, zawadi kwa Mercyline. Amekitandika. Kimefunika meza yote mpaka chini, hata miguu haionekani. Akasema, mbele ya wakwe, ataachaje mtoto wa jirani apokee wageni kwenye meza uchi?

Ningekitoa vipi? Nikatazama sebule yangu. Kitambaa kwenye viti. Kitambaa kwenye redio. Kitambaa kwenye televisheni, kwenye jagi, kwenye picha ya Khaemba mwenyewe. Miaka yote hii sijawahi kuacha kitu bila kitambaa katika nyumba hii. Siku nne nimelisha kisu mti wa mume wangu ili uso uwe laini, na hata mimi nilikuwa na vitambaa vitatu vimepigwa pasi kwenye sanduku, vikisubiri leo.

Nikasema asante, Truphosa. 

Halafu chakula. Sufuria ya mbuzi ikawekwa katikati. Nikaiona meza inashuka. Polepole, kama mzee anayekaa kanisani. Nikavuta kiti haraka, nikaingiza goti chini ya kitambaa, nikaishikilia. Saa mbili na nusu! Wazee wakizungumza ng'ombe, mimi na goti. Sikuinuka hata kuongeza chai. Mzee wao mmoja akasifu, akasema bibi wa nyumba hii ametulia, hana papara. Mercyline akakohoa ndani ya soda.

Wakakubaliana. Harusi Desemba. Vigelegele! Nilipiga vyangu nimekaa.

Wengine walipotoka kupiga picha, Mama Jerop alibaki. Akaja upande wangu, akainua pindo la kitambaa, akaweka kiganja kwenye mti. Akakipitisha kufuata nyuzi, taratibu, mpaka mwisho. Akaniita Gogo, ndivyo wanavyoita nyanya kwao. Akasema baba yake alikuwa mpasua mbao Elburgon, na hajagusa mti uliolainishwa hivi tangu azikwe. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema ya Khaemba. Nikaongeza na ya Mercyline. Akainama, akachungulia chini, akaona maandishi. Akaona na goti langu.

 Akavuta kiti, akakaa ng'ambo, akaingiza na lake.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Truphosa ameambiwa na watu saba kwamba kitambaa chake kilikuwa kizuri. Nimehesabu. Meza hakuna aliyeitaja, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Goti limevimba, nimelikanda na maji moto. Nikiwa nakanda, jibu likaja.

Maua ya kile kitambaa yachongwe kwenye meza yenyewe! Kila ua, kila tundu. Nani atafunika meza iliyozaliwa na kitambaa chake? Tena kabla ya Desemba. Mashine inaweza, nimeiona. Kisu chembamba, milimita sita kushuka, sita tu. Kianzie katikati, kizunguke, kizunguke mpaka nje. Hapo awali kosa lilikuwa kuanzia pembeni.

Kumi na nne, toa sita, zinabaki nane. Zinatosha. Maandishi yako chini, kisu hakitafika.

Tanveer anapenda chapati za maji, zenye vitunguu. Unga nimeshakanda. Mercyline asiambiwe.